Gitaa Lililopandisha Lifti

Saa mbili na nusu asubuhi ukumbi wa chini wa lile jengo la ghorofa tisa ulikuwa umejaa watu mpaka mlangoni, na wote walikuwa wanamsema mtu mmoja. Mtu mwenyewe alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa lifti, ovaroli yake ya kijivu imelowa grisi, bisibisi mdomoni, anajifanya hasikii.

"Fundi, miezi kumi na nne! Mtoto anazaliwa, anatambaa, anatembea, wewe bado umepiga magoti hapo hapo!"

"Mwache, labda anasali," akadakia mwingine, watu wakacheka.

Fundi akaendelea na nati zake. Angewajibu nini? Kwamba koili ya breki, ule waya wa umeme unaoiachia lifti itembee, iliungua, na barua ya kuomba nyingine aliiandika mara sita kwa mkono wake, na mara sita Meneja aliifanya kitambaa cha kuwekea kikombe? Meneja ofisi yake ilikuwa ghorofa ya kwanza. Ngazi kumi na nane, basi, ameshafika, kiyoyozi kinamsubiri. Wakubwa ndivyo walivyo: kisichowauma wao hakijaharibika.

"Pisheni, moto! Pisheni, moto!"

Sauti ilitoka nyuma ya watu, na watu wakapisha. Akatokea mwanamke mrefu, gauni la bluu la mikono mifupi, kitambaa cheupe kimefungwa kisogoni, raba za kiume miguuni. Mkono huu chupa kubwa ya chai, mkono huu nyingine, kapu la vikombe limening'inia begani. Alikuja kusimama juu ya kichwa cha fundi kabisa.

"Kaka, hiyo lifti unaitengeneza au unaibembeleza?"

Fundi akatoa bisibisi mdomoni. "Naibembeleza. Kutengeneza kunataka vifaa."

"Na ikikubali?"

"Ikikubali utapanda wa kwanza."

"Ahadi za wanaume hizo, mimi chai yangu inapoa." Akageukia ngazi. Alipofika ya tatu fundi akaona anavyoukokota mguu wa kushoto, kama mtu anayevuta mzigo asiotaka watu wauone. Akamwangalia mpaka raba zikapotea kwenye kona. Siku hiyo mchana alikunywa chai vikombe vinne, na yeye si mtu wa chai.

Watu wa jengo walimwita yule mwanamke Dada Chai. Alikuwa na wateja ghorofa ya nne, ya sita na ya tisa: wahasibu, watu wa bima, na ofisi moja ya mawakili waliokuwa wanakunywa sana na kusahau kulipa. Mara mbili kwa siku alipanda na kushuka. Fundi naye, mbali na lifti iliyokufa, aliangalia pampu ya maji na jenereta, kwa hiyo alikuwa na sababu za kupita kwenye ngazi. Akawa nazo nyingi zaidi.

"Naona pampu ya maji imehamia ngazini siku hizi," Dada Chai alimwambia wiki ya pili.

"Inavuja."

"Inavuja wapi?"

"Hapa," akasema fundi, akajigusa kifua cha ovaroli. Dada Chai akacheka hadi vikombe vikagongana ndani ya kapu.

"Una maneno wewe. Haya, nikuulize, maana wewe unalijua jengo hili mpaka mifupa. Nikifika ghorofa ya sita napumzisha goti. Pale mlango wa lifti haufungi vizuri, kuna uwazi wa kama kiganja. Ikifika saa saba, mle shimoni linatoka gitaa. Ni redio ya nani?"

Fundi akaanza kufuta mikono yake kwa kitambaa, ingawa haikuwa na kitu. "Redio gani inapiga wimbo mmoja kila siku?"

"Ndiyo maana naipenda. Haina matangazo."

"Si redio."

Dada Chai akamtazama. Akatazama vile vidole, kucha nyeusi za grisi, ncha za mkono wa kushoto ngumu kama ngozi ya kiatu. Akatua chupa zote mbili ngazini.

Juu kabisa, chini ya paa, kulikuwa na chumba cha mashine. Chumba cha joto, kinanuka mafuta, gurudumu kubwa la chuma limesimama kama limegoma. Sakafuni kulikuwa na matundu ambamo kamba za lifti zilishukia kwenye shimo. Humo fundi alikula chakula chake cha mchana, na humo, miezi kumi na nne, alipiga gitaa. Shimo lilikuwa tupu, sauti ikashuka ghorofa hadi ghorofa, watu chini wakadhani ni jirani.

Gitaa lilikuwa la mjomba wake, ndugu wa mama, aliyemlea tangu ana miaka mitano. Mjomba alipigia bendi ya kiwanda cha nguo. Wakubwa walipokiuza kiwanda, wafanyakazi waliitwa uwanjani wakaambiwa hakuna malipo, kila mtu aondoke na alichoshika. Wengine walikuwa wameshika mifagio. Mjomba alikuwa ameshika gitaa. Miaka thelathini ya kazi, ndiyo hiyo. Mbao yake ilikuwa imelika chini ya tundu, pale dole gumba linapopita, ikawa nyeupe kama mfupa. Kishikio kimoja cha kukazia waya kilivunjika zamani, fundi akaweka boliti ya lifti mahali pake. Na ndani, ukichungulia kwa tochi, mjomba aliandika kwa penseli tarehe ya siku ile ya uwanjani, na neno moja: *Langu*.

Tangu Dada Chai ajue mpigaji ni nani, wakawa na utaratibu. Dada Chai akifika ghorofa ya sita anatua chupa, anakaa ngazini, ananyoosha mguu, anambipu fundi mara moja. Simu ikilia juu, gitaa linaanza. Wimbo haukuwa na maneno wala jina. Mjomba aliutunga, sehemu ya katikati inapanda, inasita kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, halafu inarudi.

"Leo umekosea," Dada Chai alikuwa akimpigia simu baadaye.

"Wapi?"

"Pale katikati. Umeharakisha. Una njaa?"

"Nina wewe kichwani, mpenzi, vidole vimebaki peke yao."

"Toka hapa, na grisi yako."

Jumapili moja Dada Chai alimpeleka kwa mama yake, mwanamke mdogo wa mwili, fundi cherehani aliyeacha kushona baada ya macho kuchoka. Mama alimtazama fundi akila, hakumuuliza kabila wala mshahara. Alipoondoka alimwambia binti yake, "Huyu anakula kama mtu aliyezoea kula peke yake. Mlete tena."

Akamleta tena, na tena. Mambo yalikuwa yanakwenda. Ni goti lililoharibu.

Mwezi wa nane goti lilivimba likawa kama kichwa cha mtoto. Daktari alilibonyeza, akaandika, akasema ngazi basi. Fundi alimkuta Dada Chai siku ya pili yake ghorofa ya tatu, amekaa, kitambaa cha kichwani amekifunga gotini, jasho linamtiririka, chupa zimejaa.

"Daktari si amekwambia?"

"Daktari hanywi chai yangu."

"Pumzika mwezi mmoja. Mimi nitakupa ya matumizi."

"Unipe kama nani? Sijaolewa na wewe." Alisema kwa utani lakini macho yalikuwa na maji. "Usinipe hela, Fundi. Nipe lifti."

Maneno ya utani. Mtu mwenye akili zake angecheka, akabeba chupa moja, yakaisha. Lakini fundi hakuwa mtu wa kucheka jambo la kazi yake. Aliandika barua ya saba. Meneja hakuifungua. "Bajeti," alisema, huku anajaribu viti vipya vya ofisi, kimoja kimoja, anavizungusha. Wiki ile ile fundi akasikia hoteli moja ya zamani inabomolewa, na wauza vyuma chakavu wametoa lifti yake nzima. Koili ilikuwepo, nzima, ya aina ile ile. Alipotajiwa bei alijipapasa mifuko, halafu akasema, "Niwekee mpaka Jumamosi."

Jumamosi asubuhi alilifuta gitaa kwa kitambaa kisafi. Akalipiga wimbo mmoja, akiwa amekaa kitandani kwake, mlango umefungwa. Akabadilisha waya wa tatu uliokuwa umechoka. Ndipo akajiona mjinga: nani anavalisha kitu nguo mpya siku ya kukiuza? Lakini hakutaka litoke kwake likiwa na aibu.

Duka la vyombo vya muziki lilikuwa nyuma ya soko la simu. Mwenye duka, mzee wa miwani iliyofungwa uzi, alilipokea kwa mkono mmoja, kama mtu anayepokea mzigo wa kabichi. Aligonga mgongo wake. Akaicheka ile boliti. Fundi akasikia damu inampanda.

"Hiyo boliti inabeba watu kumi, mzee. Haiwezi kushindwa na waya."

"Sawa, usikasirike." Yule mzee akaliweka gotini, akagusa nyuzi. Mara moja tu. Uso wake ukabadilika, akakaa vizuri, akagusa tena, taratibu. Dukani watu wawili waliokuwa wanachagua spika wakageuka.

Fundi alijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja. Alitaka kumwambia kila mtu mle ndani, mmesikia? Mmesikia hilo? Ni letu. Kifua kilimjaa fahari kama baba anayemsikia binti yake akisifiwa, na fahari hiyo hiyo ndiyo ilikuwa inamkaba, maana binti mwenyewe yuko mlangoni na mizigo yake.

"Kwa nini unaliuza?" mzee akauliza.

"Nimechoka nalo," akasema fundi. Uongo mwingine mtu husema ili asilie mbele za watu.

Hakubishana bei sana. Alichobishania ni mengine: lisiwekwe dirishani kwenye jua, lisitundikwe kwa shingo, waya wa tatu usikazwe kwa nguvu. Mzee aliitikia yote bila kuandika hata moja. Fundi alipotoka nje alijisikia mwepesi, karibu afurahi. Alikwenda hatua ishirini. Ndipo akagundua mkono wake wa kulia bado umekunjwa ubavuni, umeshika kitu ambacho hakipo, na hakujua auweke wapi.

Jumapili nzima alikuwa chumba cha mashine anafunga ile koili ya hotelini. Jumatatu saa mbili lifti ilipanda. Watu walipiga makofi ukumbini. Meneja alikuja na tai nyekundu, akasimama mlangoni mwa lifti apigwe picha, akatoa hotuba fupi kuhusu jitihada za uongozi. Fundi alisimama nyuma, anangoja watu waishe. Dada Chai alipofika na chupa zake, alimfungulia mlango kwa mkono wake.

"Nilikwambia utapanda wa kwanza. Samahani, umekuwa wa arobaini."

"Wewe!" Alicheka, akaingia, akashika ukuta kama msichana. Kutoka chini hadi ghorofa ya tisa alikuwa anamtazama fundi, si namba za mlangoni. "Umewafanyaje wakatoa kifaa?"

"Wakubwa wakiamua, wameamua." Ya gitaa alikuwa amepanga kumwambia siku nyingine, mahali pazuri, wakiwa wamekaa.

Saa saba Dada Chai alikwenda kukaa ngazini ghorofa ya sita, kwa mazoea tu. Akabipu. Shimoni lifti ilikuwa inapita juu na chini, inanguruma. Akabipu tena. Akapiga kabisa.

"Leo vipi, nyota yangu? Mjomba amegoma?"

"Leo nina kazi, mpenzi. Lifti mpya inataka macho."

Jumanne alisema gitaa liko kwa fundi. "Fundi gani anamtengenezea fundi?" Dada Chai akauliza. Hakucheka. Jumatano simu yake haikupokelewa, maana fundi alikuwa ofisini kwa Meneja, amesimama, anakabidhiwa karatasi iliyochapwa kwa herufi kubwa.

"Bandika ukumbini na ndani ya lifti," Meneja alisema. "Wapangaji wanalalamika harufu ya chai na msongamano."

Fundi alisoma. *Lifti ni ya wapangaji na wageni wao. Wachuuzi watumie ngazi.*

"Bosi, kuna mmoja ana goti—"

"Na wewe una kazi, au sivyo?"

Niseme tu ukweli ulivyokuwa: alibandika. Mkono uliotengeneza lifti ndio uliobandika. Alikuwa amemaliza kona ya nne, anaisugua kwa kidole gumba ishike, aliposikia chupa zinatuliwa sakafuni nyuma yake.

Dada Chai alisoma polepole, midomo inacheza. Akasoma tena.

"Sasa nimeelewa," akasema. "Gitaa liko kwa fundi. Kumbe mwenyewe umeshapanda cheo, nyimbo za wauza chai za nini."

"Nisikilize. Nimeagizwa."

"Na mkono nao umeagizwa? Mbona umebandika imenyooka hivyo? Hata kona hazikupinda."

"Mpenzi—"

"Mimi ni mchuuzi. Soma hapo." Akainua chupa zake, akageukia ngazi. Kisha akageuka tena, akatoka mlango wa nje. Wahasibu wa ghorofa ya nne walikaa bila chai siku hiyo, na siku zilizofuata.

Fundi alipiga simu mara ishirini. Ililia, ikalia, baadaye ikawa haipatikani. Alikwenda nyumbani, mama akamfungulia, akamwambia kwa upole, "Baba, hataki. Nikikuingiza nitamkosea mwanangu." Mama mwenyewe alikuwa anasikitika. Siku ya nne fundi alikwenda dukani nyuma ya soko la simu. Hakuwa na hela ya kulikomboa. Alitaka kuliona tu. Yule mzee wa miwani alitikisa kichwa kabla hajaulizwa. Lilikaa dukani siku mbili. Mtu mmoja msafiri alilipiga, akalilipia, akaenda nalo uwanja wa ndege. Jina? Nani anauliza jina.

Akarudi kazini. Akaingia kwenye lifti, akabandua karatasi, akabandua na ya ukumbini, akapanda ngazi kumi na nane, akaziweka mezani kwa Meneja.

"Ile koili ni yangu. Niliinunua mimi."

Meneja alitabasamu kama mtu anayesikiliza mtoto. "Una risiti?"

Muuza chuma chakavu gani anatoa risiti? Meneja ndiye alikuwa nayo, ya kutunga, ameandikisha koili kana kwamba kainunua yeye, na hela ameshalipwa. Fundi aliliona faili juu ya meza, lina muhuri. Angeweza kupanda juu akaing'oa koili kwa dakika kumi. Alifika mpaka mlango wa chumba cha mashine. Akasikia lifti inapanda, sauti ya mwanamke ndani anamwambia mtoto ashike ukuta. Akashuka kwa ngazi, akamkabidhi mlinzi funguo na ovaroli.

Dada Chai alipatikana baada ya wiki mbili, kwenye lango la hospitali kuu, sehemu tambarare, mezani. Alikuwa na gauni la kijani, kitambaa kile kile cheupe. Watu wamejaa: wenye vyeti vya wagonjwa, wenye vyakula, wanaotoka wanalia. Fundi alikuja na shati la nyumbani, akasimama foleni. Ilipofika zamu yake, Dada Chai akammiminia bila kumtazama.

"Sukari?"

"Sina kazi, sina gitaa. Nimekuja kukwambia hilo."

Mkono wa Dada Chai ukasimama. "Gitaa limekwenda wapi?"

Akamwambia. Hoteli iliyobomolewa, duka nyuma ya soko, boliti, msafiri. Alisema haraka, kwa sauti ya chini, maana nyuma watu walikuwa wanangoja chai. Alitegemea kusamehewa. Badala yake Dada Chai alipiga kijiko mezani.

"Nani alikutuma?"

"Wewe ulisema nikupe lifti."

"Nilikuwa nalia, mjinga wewe! Mtu akilia anasema chochote!" Watu kwenye foleni wakanyoosha shingo. "Unajua kwa nini sikuacha zile ngazi? Wateja wangu ningewapata popote, si unaona hapa? Nilikuwa napanda ghorofa sita nzima na goti langu nikakae pale. Nilikuwa napanda kwa ajili ya lile gitaa. Ungeniuliza. Neno moja tu, ungeniuliza."

"Na mimi nililiuza kwa ajili ya goti."

"Najua. Ndiyo inayoniuma." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ungekuwa umemhonga nalo mwanamke mwingine ningekutukana nikapona."

Mtu mmoja nyuma akauliza kama chai ipo au haipo. Dada Chai akamwambia asubiri.

"Sina cha kukupa tena," fundi akasema. "Lakini nataka unioe. Yaani nikuoe. Vyovyote."

"Hata hilo umelikosea." Alimtazama sana, shati lake, shingo yake iliyokonda. "Nitakuoa. Mama amechoka kunisikia nikitukana ukuta. Lakini usininunulie tena kitu bila kuniuliza, hata njiti ya kiberiti. Sawa?"

"Sawa."

"Sema sawa, mke wangu."

Fundi akafungua mdomo aseme. Kilichotoka ni kingine. Alipotoka dukani hakulia, kwa Meneja hakulia, wala siku alipoambiwa msafiri ameondoka. Sasa alipokwisha kupewa alichokuwa anakitaka kuliko vyote, alikishika kikombe kwa mikono miwili na kulia kwa sauti, mwanaume mzima, mabega yanatikisika, chai inamwagikia viatu. Dada Chai akazunguka meza, akamshika kichwa, akakilaza begani kwake.

Watu wakakaza macho. "Mnamwangalia nini?" akawafokea. "Mtu amefiwa."

Foleni nzima ikalegea. Lango la hospitali, nani asiyeelewa? Wanaume wakavua kofia. Mama mmoja mwenye kikapu akasogea, akampapasa fundi mgongoni.

"Pole sana, baba. Mungu akutie nguvu. Alikuwa nani wako, mwanangu?"

Dada Chai akamjibia, huku naye machozi yanamshuka, akiyaacha yashuke.

"Alikuwa wa nyumbani," akasema. "Wa kwake na wangu."